Naftali Temu na Watu wa Kuhesabu Mizunguko

Mwaka huu nimepewa ukurasa wa wasifu. Kabla sijamtaja mtu wangu niruhusuni nieleze jinsi nilivyomfikia, maana sikumfikia kwa njia iliyonyooka. Nilipitia kwenye mashua.

Ilikuwa hivi. Muhula uliopita chama chetu cha Kiswahili kilikuwa na mjadala. Hoja ilikuwa kama vyama vinavyosimamia michezo vinawafaa wachezaji, au vinawakalia shingoni tu. Mimi nilikuwa upande wa kuvipinga, na niliingia ukumbini nikiwa na hakika ya ushindi. Akasimama mwenzetu mmoja wa kidato cha nne ambaye kwao ni Kisumu. Badala ya kuzungumzia kandanda kama tulivyotarajia, akatueleza mashindano ya mashua za tanga. Alituambia kwamba mtu aliyekaa ufuoni akitazama mashua hizo hawezi kujua nani yuko mbele. Njia yao ni ya majini, haina mstari wa chokaa, ina maboya tu. Upepo ukigeuka, aliyekuwa mbele anajikuta nyuma. Isitoshe, mashua hutofautiana ukubwa na upana wa tanga, kwa hiyo mara nyingine ile inayofika kwanza siyo inayoshinda, kwani chama hupiga hesabu ya muda kulingana na aina ya chombo. Chama cha dunia cha mchezo huo kiliundwa mwaka 1907, na tangu hapo ndicho kinachoweka kanuni. Kiondoe chama, alisema, utabaki na watu wanaotembea majini kwa raha zao.

Jamani, tulicheka! Mashua Kisii? Tuzipeleke wapi, mto Gucha? Sisi ni watu wa vilima, migomba na majani chai. Lakini kura zilipohesabiwa, upande wake ulishinda na wangu ukagaragazwa. Mwalimu wetu mlezi akanipa kazi kama adhabu yenye asali: nitafute mfano wa jambo lile lile hapa kwetu, nyumbani kabisa, niuandike kwa ajili ya jarida.

Sikuhitaji kwenda mbali. Mimi mwenyewe nina kidonda. Nilipokuwa kidato cha pili nilishiriki mbio za mita 10,000 katika mashindano ya shule, kwenye kiwanja cha majani kilichochorwa kwa majivu. Mbio hizo ni mizunguko 25, na mizunguko 25 si mchezo. Ukifika wa 12, akili yako huacha kuhesabu, unamwachia yule bwana aliyekaa mezani na karatasi yake. Siku hiyo walikuwa wawili. Mmoja aliandika 24, mwenzake 25. Kengele ikalia, nikatoa pumzi zangu zote zilizobaki, nikavuka utepe wa pili, nikaanguka. Kumbe wenzangu bado wanakimbia! Ulizuka ubishi mkali, walimu wa shule tofauti wakanyoosheana vidole, na mwishowe majina yalichaguliwa kwa kukisia. Langu halikuwamo. Nilirudi nyumbani nikilia ndani ya matatu, na sioni haya kukiri.

Babu yangu anaishi Nyamira. Jioni hiyo alinipa chai, akaniacha nilie mpaka nikachoka. Kisha ndipo aliponisimulia habari za Naftali Temu. Nilikuwa nimelisikia jina hilo kama mtu anavyosikia jina la barabara. Sikujua lilibeba nini.

Naftali Temu alizaliwa tarehe 20 Aprili mwaka 1945 katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Nyamira. Wakati huo hapakuwa na Nyamira kama wilaya. Yote ilikuwa Kisii, na Nyamira haikutengwa mpaka mwaka 1989. Kwa hiyo Wakisii na Wanyamira wote humwita wetu, na mimi ambaye nina shule upande mmoja na babu upande wa pili siamui kesi hiyo.

Sasa nataka mwone jambo ambalo sikuwa nimeliona kabla ya mjadala ule. Temu hakuwa wa kwanza kuwa na miguu huku kwetu. Milima hii imekuwepo tangu jadi, na vijana wamekuwa wakiipanda na kuishuka kwa kasi tangu enzi za mababu. Wangapi walikuwa na mbio kumshinda yeye? Hatuwajui, wala hatutawajua. Walikimbia, wakashangiliwa jirani na kwao, wakazeeka. Kilichobadilika ni kwamba mwaka 1951, wakati wa ukoloni, kiliundwa Chama cha Riadha za Ridhaa cha Kenya, ambacho leo kinaitwa Athletics Kenya. Kilianza mikononi mwa Wazungu, na sisemi kwamba kiliundwa kwa upendo wa Mwafrika. Lakini kilifanya kazi isiyopendeza kuitazama na ambayo haikwepeki: kupima viwanja, kuweka saa za kupimia, kuandika majina na muda kwenye daftari, kuteua waamuzi, na kufuata kanuni za chama cha riadha cha dunia kilichoundwa mwaka 1912. Mkimbiaji wa Kisii aliyepimwa kwa kanuni hizo angeweza kulinganishwa na mkimbiaji wa London bila wawili hao kuonana.

Matokeo yakaonekana upesi. Mwaka 1954 Nyandika Maiyoro, mwana wa Gusii, alipelekwa Vancouver nchini Kanada kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, akawa wa nne katika maili tatu. Mwaka 1955 ikaundwa Kamati ya Olimpiki ya Kenya, na mwaka uliofuata Maiyoro akawa Melbourne, akamaliza wa saba katika mita 5,000. Mwaka 1958 mwana mwingine wa Gusii, Arere Anentia, akapata nishani ya shaba katika maili sita mjini Cardiff. Kule Roma mwaka 1960 Maiyoro alimaliza wa sita. Temu alikuwa kijana wa miaka 15 wakati huo. Njia ilikuwa imeshafyekwa na watu wa lugha yake.

Aliingia jeshini. Hapa pia pana somo la mambo ya usimamizi, kwa maana jeshi lilikuwa na mashindano yake, na washindi wa jeshi walikutana na washindi wa polisi, wa magereza na wa mikoa mbele ya chama cha taifa, na huko ndiko timu ilikochaguliwa. Huo ndio ulikuwa ngazi. Hukuhitaji baba tajiri, ulihitaji mtu wa kuandika muda wako kwa uaminifu.

Mwaka 1964 alikwenda Tokyo. Msidhani alikuja na kitu. Katika mbio za masafa marefu za marathoni alimaliza wa 49. Ndiyo, wa 49! Nishani ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki ilichukuliwa na Wilson Kiprugut, shaba ya mita 800, na Temu akarudi kambini kama askari mwingine yeyote. Mimi hapa ndipo ninapompenda zaidi. Kama chama kingekuwa na haraka ya kutupa watu, kingelifuta jina lake kwa wino mwekundu. Hakikulifuta.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1966, Michezo ya Jumuiya ya Madola ilifanyika Kingston, Jamaika. Katika maili sita alikuwepo Ron Clarke wa Australia. Ndugu msomaji, Ron Clarke hakuwa mtu wa kubabaisha. Ndiye aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya mbio hizo, na alikuwa akivunja rekodi kama mtu anavyovunja kuni. Temu akamwacha nyuma kwa zaidi ya sekunde 20. Alitumia dakika 27 na sekunde 14 na ushei. Walimwengu wakaanza kuuliza huyu ni nani na ametokea wapi.

Jibu kamili lilikuja tarehe 13 Oktoba mwaka 1968. Olimpiki ilikuwa katika jiji la Mexico, lililo juu ya usawa wa bahari kwa mita 2,240 hivi. Hewa ya huko ni nyepesi. Hata mwenzetu wa mashua angecheka kusikia kwamba mashindano ya tanga ya Olimpiki hiyo yalifanyika Acapulco, pwani, hewa ikiwa tele, huku wakimbiaji wakihangaika kule juu kama samaki waliotolewa majini. Wengi kutoka nchi za tambarare walilalamika. Kwa mtu wa kwetu huko kulikuwa juu kiasi cha kumfanya apumue kwa bidii, lakini hakukuwa kugeni.

Mita 10,000, mizunguko 25. Fikirieni na mimi, kwa maana siwezi kuisimulia bila kukumbuka yangu. Walianza polepole, kila mtu akiogopa kujimaliza. Mizunguko ikapungua na kundi likapungua. Kipchoge Keino alikuwemo, lakini maumivu ya tumbo yalimlemea, na mizunguko michache kabla ya mwisho akatoka nje ya mstari. Anayetoka hivyo kanuni humtoa mashindanoni, hata akiwa Keino. Clarke naye akaishiwa. Alimaliza wa sita akaanguka, na madaktari wakamkimbilia na hewa ya oksijeni.

Mbele walibaki Temu, Mamo Wolde wa Ethiopia na Mohammed Gammoudi wa Tunisia. Waafrika watatu watupu! Kengele ya mzunguko wa mwisho ikalia. Wolde akachomoka kama mshale, akamwacha Temu hatua kadhaa. Wengine wangekata tamaa. Temu hakukata tamaa. Katika mstari ulionyooka wa mwisho akamkaribia, akamfikia, na mita chache kabla ya utepe akampita. Dakika 29, sekunde 27 na nukta nne. Wolde alikuwa nyuma yake kwa nukta sita za sekunde, muda usiotosha hata kutamka jina lake lote.

Hiyo ndiyo nishani ya kwanza kabisa ya dhahabu ya Kenya katika Olimpiki. Baadaye Keino na Amos Biwott wakaongeza za kwao, na Kenya ikarudi na nishani 9. Lakini wa kwanza ni mmoja tu. Temu mwenyewe hakupumzika: siku nne baadaye akapata shaba ya mita 5,000 nyuma ya Gammoudi na Keino, na tarehe 20 akakimbia marathoni akawa wa 19. Nikikumbuka jinsi nilivyolala siku mbili baada ya mbio zangu zilizohesabiwa vibaya, nanyamaza.

Babu alikuwa kijana wakati huo. Kwa saa zetu mbio zile zilikimbiwa usiku wa manane, kwa hiyo habari zilifika asubuhi kupitia redio ya jirani, yenye betri zilizoanikwa juani ili zipate nguvu. Ananiambia wanawake walitoka mashambani na vikapu vya chai mgongoni, wakapiga vigelegele bila kujua vizuri Mexico ni upande gani wa dunia. Walichojua ni kwamba mtu wa huku amewashinda watu wote.

Basi nikamwuliza babu swali la kitoto: alilipwa pesa ngapi? Babu akacheka kicheko kisicho na furaha. Hakulipwa.

Hapo ndipo mjadala wetu ulipogeuka tumboni mwangu. Mnakumbuka lile jina la chama, riadha za ridhaa? Neno ridhaa lilikuwa na meno. Maana yake ilikuwa kwamba mkimbiaji hukimbia kwa hiari yake, na akipokea fedha kwa mbio zake anafungiwa. Kanuni hiyo haikutungwa Nairobi, ilitoka juu, kwenye chama cha dunia. Haikuogopa jina la mtu. Paavo Nurmi wa Finland, aliyekuwa na dhahabu 9 za Olimpiki, alizuiwa asishiriki Olimpiki ya mwaka 1932 kwa sababu alidaiwa kupokea malipo. Watu waliotunga kanuni hiyo walikuwa na mashamba na mishahara. Waliona ni aibu kukimbilia pesa kwa sababu hawakuwahi kuzikosa. Mtoto wa mkulima wa Gusii afanyeje? Temu alikula mshahara wa askari.

Kwa hiyo chama kile kile kilichomtoa gizani kikamfunga mikono. Nimelitafakari jambo hili mara nyingi na sipendi kulirahisisha. Upande wangu wa mjadala ungeshangilia hapa, ungesema mmeona! Lakini bila saa yao, daftari lao na kengele yao, babu yangu asingekuwa na la kunisimulia. Na upande ule ulioshinda haukusema lolote kuhusu mtu anayeshinda dunia nzima kisha akarudi bila senti. Nafikiri sote wawili tulijadili nusu ya hoja.

Miguu haina ahadi ya milele. Temu alikwenda Olimpiki ya Munich mwaka 1972, lakini kasi ilikuwa imemwacha, akatolewa mapema. Mwaka uliofuata akaacha mbio. Kwa shukrani serikali ilimpa shamba la kama ekari 23 huko Borabu, katika zile ardhi zilizokuwa za walowezi kati ya Keroka na Sotik. Tusiwe wachoyo wa fadhila, ekari 23 katika nchi hii ya vishamba vilivyogawanywa mpaka vikawa kama leso si haba. Lakini hiyo ilikuwa hisani ya serikali. Haikuwa haki iliyoandikwa kwenye kanuni, na hisani humfikia huyu ikamruka yule.

Aliugua saratani ya kibofu cha tezi, ile inayowapata wanaume. Alifariki tarehe 10 Machi mwaka 2003 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, akiwa na umri wa miaka 57. Sikuwa nimezaliwa. Babu alisikia kwenye redio pia, safari hii redio yake mwenyewe.

Ajabu ni jinsi mambo yalivyogeuka. Kanuni ya ridhaa ilianza kulegezwa mwaka 1982, na mwaka 1997 chama cha dunia kikaanza kuwalipa washindi wa mashindano yake ya ubingwa wa dunia. Olimpiki ya Paris ilipofika mwaka 2024, kila aliyepata dhahabu ya riadha alipewa na chama hicho dola 50,000. Beatrice Chebet alichukua dhahabu ya mita 10,000 kwa wanawake, na nikashangilia mpaka sauti ikakauka. Kwa upande wa wanaume, bwana, sikilizeni: tangu asubuhi ile ya vigelegele hadi Paris, hakuna mwanamume mwingine wa Kenya aliyeshinda mita 10,000 za Olimpiki. Hata mmoja! Wamepita mabingwa wa kila aina. Yobes Ondieki, naye mtu wa Gusii, alikuwa wa kwanza duniani kukimbia masafa hayo chini ya dakika 27, kule Oslo mwaka 1993, lakini dhahabu ile ya Olimpiki hakuipata. Temu bado yuko peke yake, na nishani yake haikuja na hundi.

Nilipomsomea babu rasimu ya makala haya, alinisahihisha mahali pawili, kisha akaniuliza kama nitakimbia tena. Nilimwambia nitakimbia. Lakini mashindano yetu ya ndani ya shule yalipowadia muhula huu, nilimwendea mwalimu wa michezo kwanza nikamwomba kazi nyingine kwa mbio za wadogo zetu wa mita 10,000. Alinitazama kama mtu aliyepotea njia, akakubali.

Nilikaa mezani. Mfuko wa kushoto wa kaptula yangu ulikuwa na punje 25 za mahindi kwa ajili ya kiongozi, na wenzangu wanne walikuwa na za wakimbiaji wengine. Kila aliyepita, punje moja ilihama kwenda mfuko wa kulia. Kidato cha kwanza mmoja mwembamba aliongoza tangu mwanzo, akawa anaokota pumzi kwa shida, na kila akipita mbele yangu alinitupia macho kuuliza zimebaki ngapi. Nilimwonyesha kwa vidole. Ilipobaki punje moja niliishika mkononi nikahakikisha mara mbili, nikanyanyua kengele, nikaipiga kwa nguvu zangu zote.